Kupandikiza nywele: hakuna njia ya 'bila kovu'

Tangazo la kupandikiza nywele siku hizi halikosi maneno haya: bila kisu, bila maumivu, bila kovu. Linamfikia kwenye simu kijana wa miaka 22 aliyeanza kuona mapanja yakipanda. Linamfikia mama wa miaka 45 ambaye havui kilemba hata akiwa nyumbani kwake, kwa sababu utosi umebaki ngozi tupu. Chini ya picha mbili, ya kabla na ya baada, zimepangwa herufi: FUT, FUE, DHI. Na maswali yanayoletwa kwenye safu hii kuhusu upara huishia palepale: ipi kati ya hizo ni bora?

Tuanze na jibu, maelezo yafuate. Hakuna njia ya kupandikiza nywele isiyoacha kovu. Ipo inayoacha kovu moja refu na ipo inayoacha makovu madogo madogo kwa mamia au maelfu. Tena kwa mtu mwenye nywele za kipilipili, yaani wengi wetu tunaosoma gazeti hili, njia inayotangazwa kuliko zote si lazima iwe ndiyo inayomfaa. Anayeyaficha mambo haya mawili katika tangazo lake anauza, hatibu.

Neno kupandikiza mkulima wa mpunga analijua vizuri. Miche inang'olewa kitaluni, inapelekwa jarubani. Kichwani ni vivyo hivyo: nywele za kisogoni na za juu ya masikio haziguswi sana na homoni inayoleta upara wa kiume, na ukizihamishia mbele zinaendelea na tabia ya zilikotoka. Aliyelionyesha jambo hili kwa ushahidi ni daktari wa ngozi wa New York, Norman Orentreich, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1952 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1959. Kabla yake, mwaka 1939, daktari wa Japani, Shoji Okuda, alikwisha kueleza alivyohamisha vipande vya ngozi yenye nywele kwa watu walioungua, lakini kazi yake haikujulikana nje ya Japani kwa miaka mingi. Vipande vya enzi ya Orentreich vilikuwa vikubwa, kama milimita 4, na kichwa kiliishia kufanana na cha mwanasesere: kichaka, uwazi, kichaka. Tangu hapo ufundi umesonga mbele sana. Leo kinachohamishwa ni shina moja moja, na kila shina ni kifungu cha nywele 1 hadi 4 zinazotoka kwenye tundu moja.

Ila kitalu cha kichwani kina kasoro moja ambayo cha mpunga hakina. Hakipandwi upya. Shina likitolewa kisogoni, pale halioti jingine. Kwa watu wengi, mashina yanayoweza kuchukuliwa kwa maisha yote bila kisogo chenyewe kuonekana kama kimetafunwa na panya ni kama 4,000 hadi 6,000 hivi. Sasa piga hesabu. Upara unaoanzia kwenye paji la uso hadi utosini unaweza kufika sentimita za mraba 200. Kulirudisha eneo hilo lilivyokuwa ujanani kungetaka mashina zaidi ya 12,000, nayo hayapo. Ndiyo maana mpasuaji makini hukuambia mapema kwamba atapanda 30 hadi 40 kwa kila sentimita ya mraba, mahali panapoonekana zaidi, na kwingine atakuachia. Hapa nywele zetu zina baraka yake: kwa kuwa zinajikunja, chache hufunika ngozi kubwa kuliko nywele zilizonyooka. Mwenye nywele za kipilipili anaweza kuridhika na mashina machache kuliko Mzungu mwenye upara uleule.

Njia ya kwanza, FUT, ni ya ukanda. Daktari hupiga sindano za ganzi kisogoni, hukata ukanda wa ngozi wenye upana wa sentimita 1 hadi 1.5 na urefu wa 20 au zaidi, kisha hushona. Ukanda ule hupewa wasaidizi wanaouchambua chini ya hadubini hadi kila shina lisimame peke yake. Waafrika wengi wana mashina kama 60 kwa kila sentimita ya mraba, pungufu ya Wazungu, hivyo ukanda wa sentimita 20 kwa 1 hutoa mashina 1,200 hivi. Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14. Kisogo hubaki kimekaza, na sehemu hufa ganzi kwa wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Kinachobaki ni mstari mmoja. Ukiwa na nywele za sentimita moja au mbili hauonekani. Ukinyoa kipara, unaonekana.

Njia ya pili, FUE, ilielezwa rasmi katika majarida ya kitabibu mwaka 2002 na imeenea duniani kama moto wa nyika. Hapa hakuna ukanda. Kisogo hunyolewa, kisha kifaa cha duara chenye makali, kipenyo chake milimita 0.8 hadi 1, huzungushwa kulizunguka shina moja, nalo huvutwa kwa kibanio. Halafu jingine. Halafu jingine, kwa saa sita au nane. Haina mshono, kidonda hupona haraka, na mwenye kupenda kunyoa chini sana hapati mstari. Lakini kila tundu huacha kovu lake. Mashina 2,000 ni nukta 2,000, na kwenye ngozi nyeusi nukta hizo mara nyingi hupona zikiwa nyeupe kidogo. Zikitawanywa vizuri hazitambuliki. Daktari mwenye pupa akizirundika mahali pamoja, kisogo huonekana kama kimemwagiwa chumvi.

Tukae kidogo kwenye jambo ambalo matangazo hayalisemi kabisa. Nywele ya kipilipili haianzi kujikunja ikishatoka nje. Shina lake lenyewe limepinda ndani ya ngozi, mfano wa ndoano. Kifaa cha FUE kinashuka wima. Kwa nywele iliyonyooka, kinapita pembeni mwa shina hadi mwisho. Kwa shina lililopinda, kinaingia vizuri juu kisha kinalikata katikati, na daktari hajui hadi anapovuta na kukuta kipande. Shina lililokatwa huenda lisiote kule lilikopelekwa, na kwenye kitalu pia nafasi imepotea. Hii ndiyo hasara mbaya kuliko zote katika kazi hii, kwa sababu akiba haina nyongeza. Kwenye ukanda mambo ni tofauti: msaidizi anauona mpindo kwa macho yake chini ya hadubini na anaufuata kwa wembe.

Mfano mmoja unatosha. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani iliruhusu roboti ya kung'oa mashina iitwayo ARTAS. Kibali chenyewe kilitaja wanaume wenye nywele nyeusi au za kahawia zilizonyooka. Zilizonyooka. Mashine ya kisasa kuliko zote wakati huo haikuwa imeandaliwa kwa kichwa cha Mswahili, na kibali kilisema wazi.

Je, basi FUE haifai kwetu? Inafaa, mikononi mwa anayejua. Wapo madaktari waliobuni vifaa na mikono ya kufuata mpindo, na matokeo yao kwa watu wenye asili ya Afrika ni mazuri. Njia ya kumtambua ni rahisi: kabla ya kuanza kazi yote, atatoa mashina machache ya majaribio, makumi tu, na kuhesabu mangapi yamekatika. Akiona mengi yamekatika, atabadili kifaa au atakushauri ukanda. Muulize, 'Kwa nywele kama zangu, mangapi kati ya 100 hukatika mikononi mwako?' Asiyehesabu hana jibu.

Upande wa pili wa mizani kuna keloidi, lile kovu linalovimba na kupita mipaka ya kidonda. Sisi weusi tunazipata zaidi kuliko watu wengine. Kama ulitoboa sikio likaota gololi, au una kovu la chanjo lililotuna begani, mkato wa sentimita 20 kisogoni ni jambo la kufikiria mara mbili. Si kila mwenye keloidi kifuani ataipata kichwani, lakini busara ni kufanya jaribio dogo mahali pa siri na kusubiri miezi mitatu au zaidi. Na mwanamume mwenye vile vipele sugu vya kisogoni vinavyoanza baada ya kunyolewa, vikakomaa na kuwa makovu magumu, atibiwe hivyo kwanza. Kitalu chake kinaumwa. Kukitoboa au kukikata ni kuuchokoza ugonjwa.

Hizo ndizo njia mbili za kuvuna, na uamuzi unategemea kichwa. Mwanamke mwenye nywele ndefu asiyetaka kunyolewa kisogo, na ambaye hana historia ya keloidi, mara nyingi hufaidika na ukanda. Mwanamume anayenyoa karibu na ngozi kila wiki huelekea FUE, alimradi amepata mkono wenye uzoefu. Kuna ambao hutumia zote mbili kwa miaka tofauti.

DHI si njia ya tatu ya kuvuna, ingawa hutangazwa hivyo, tena kwa bei ya juu. Mashina huvunwa kama FUE. Tofauti ni kwamba hupandwa kwa sindano yenye umbo la kalamu badala ya kutoboa vitundu kwanza na kupachika kwa kibanio. Kwa mashina yaliyopinda, kuyaingiza kwenye kalamu hiyo kunataka uangalifu zaidi. Na kile 'kisu cha yakuti' kinachotangazwa ni kisu tu ambacho ncha yake imetengenezwa kwa madini hayo. Mkono ulioshika ndio uulizie.

Sasa kina mama, maana upara wenu mara nyingi si ule wa baba zenu. Nywele za ukingo wa paji na panja zikitoweka kwa sababu ya rasta za kukaza, mawigi ya gundi na dawa za kulainisha, jina lake ni upara wa kuvutwa. Ukiwahi, zinarudi zenyewe ukiacha kuvuta. Ukichelewa miaka, ngozi inakuwa laini na kung'aa, na hapo upandikizaji unaweza kusaidia vizuri, ila si kwa mtu atakayesuka kwa kukaza tena mwezi wa sita.

Ule unaoanzia utosini na kupanuka kama sahani, pengine ukiwa na mwasho au maumivu, ni kitu kingine. Ni ugonjwa wa makovu unaoteketeza mashina kutoka ndani, na unawapata zaidi wanawake weusi. Mwaka 2019 watafiti waliuhusisha, kwa baadhi ya wagonjwa, na kasoro katika kijenetiki kiitwacho PADI3, hivyo tuache kumlaumu kila mama kuwa 'alijiunguza na dawa'. Ukipandikiza ugonjwa huu ukiwa bado unawaka, utateketeza na nywele mpya. Kwanza daktari wa ngozi achukue kipande kidogo cha ngozi kikapimwe, autulize kwa dawa, na utulie kwa mwaka mmoja au miwili. Hata hapo, mashina yanayoshika kwenye ngozi yenye makovu huwa machache. Kliniki inayokupangia tarehe ya upasuaji kwa kuangalia picha ya simu haiwezi kujua haya.

Wazazi pia huuliza, na hapa tutakuwa wakali kidogo. Mtoto mwenye mabaka yasiyo na nywele hahitaji kupandikizwa. Mabaka yenye magamba na nywele zilizokatika ni mapunye, fangasi anayetibiwa kwa vidonge au dawa ya maji ya kunywa kwa wiki kadhaa. Dawa ya kupaka peke yake haifiki kwenye shina. Yakivimba na kutoa usaha usiyaminye wala kuyapasua, mpeleke hospitali, kwa sababu yakichelewa huacha kovu la kudumu. Baka la mviringo lililo laini kabisa, bila magamba, kwa kawaida ni kinga ya mwili inayoshambulia nywele zake yenyewe. Mara nyingi huota tena, na kupandikiza juu yake ni kupoteza fedha. Na binti akilia wakati wa kusukwa, au akiamka na vipele vyeupe ukingoni mwa nywele, zifumue siku hiyohiyo. Usisubiri sherehe ipite.

Mtoto aliyeungua kichwa kwa uji au mafuta ya moto ni habari nyingine, na wapo wengi katika nyumba zetu. Kovu kubwa la namna hiyo wapasuaji hulishughulikia zaidi kwa kuweka puto chini ya ngozi yenye nywele iliyo jirani, kulijaza maji ya chumvi kidogo kidogo kwa wiki kadhaa hadi ngozi inyooke, kisha kuivuta ifunike kovu. Mashina ya kupandikiza hutumika baadaye kuziba mapengo na kurekebisha ukingo. Hiyo ni kazi ya mpasuaji wa kurekebisha maumbile, hospitalini, si ya saluni ya urembo.

Na yule kijana wa miaka 22? Asubiri. Upara wake bado unatembea na hakuna anayejua utaishia wapi. Akipandikiziwa ukingo wa mbele leo, halafu nywele za nyuma yake ziondoke akiwa na miaka 35, atabaki na kisiwa cha nywele mbele na bahari nyuma, huku akiba imekwisha. Aanze na dawa kwa ushauri wa daktari: minoksidili ya kupaka, inayotumika kwa upara tangu mwaka 1988, au finasteridi ya kumeza, iliyoruhusiwa kwa kazi hii nchini Marekani mwaka 1997. Finasteridi inaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa kwa baadhi ya wanaume, na mjamzito hapaswi hata kushika kidonge kilichovunjika. Minoksidili ikae mbali na watoto. Dawa hizi hufanya kazi zikitumiwa mfululizo, na aliyepandikiza kwa upara wa kiume kwa kawaida hushauriwa aendelee nazo ili kuzilinda nywele ambazo hazijahamishwa.

Lililobaki ni nani anashika kisu. Istanbul imekuwa soko kubwa la kazi hii, na ndege za moja kwa moja zinaondoka Dar es Salaam na Nairobi. Wapo madaktari hodari kule. Zipo pia kliniki ambako daktari hutia saini tu, halafu anayetoboa na kukata kutwa nzima ni fundi asiye na leseni ya udaktari. Chama cha kimataifa cha wapasuaji wa nywele, ISHRS, kimekuwa kikionya juu ya biashara hiyo katika nchi nyingi, si Uturuki peke yake. Hatari si ya nywele tu. Dawa ya ganzi hupimwa kwa uzito wa mgonjwa, na ikizidi inaweza kuleta degedege au kusimamisha moyo. Uliza kwa maneno mepesi: nani atakata, nani atapiga ganzi, oksijeni iko wapi, na siku ya tano nikiona usaha nampigia nani? Kama jibu la mwisho ni namba ya wakala aliyeko nchi nyingine, fikiri upya. Aliyeko nyumbani jina lake liangaliwe kwenye daftari la Baraza la Madaktari Tanganyika, au la Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno kwa Kenya. Na kabla ya mpasuaji yeyote, onana na daktari wa ngozi. Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha wataalamu hao tangu miaka ya 1990, na leo wanapatikana katika hospitali kubwa nyingi. Mweleze kisukari, presha, aspirini unayomeza na sigara unazovuta.

Ukishafanyiwa, lala kichwa kikiwa juu usiku wa mwanzo, usikune magaga, acha mpira na mazoezi mazito kwa wiki mbili hivi. Kati ya wiki ya pili na ya sita nywele zilizopandwa zitapukutika karibu zote. Wengi hukimbilia simu wakidhani wametapeliwa. Ndivyo ilivyo: unywele unaanguka, shina linabaki. Mpya huanza kuchomoza mwezi wa tatu au wa nne, nyembamba na kama zimechanganyikiwa, kisha hunenepa. Picha ya kulinganisha ipigwe mwezi wa 12, kwenye mwanga uleule na nywele zikiwa na urefu uleule, si kabla.